Kitambaa Nilichofunikia Kompyuta Yako

Mwanangu Idi,

Nimekaa sebuleni, kompyuta uliyoniundia inapiga taarabu kwa sauti ya chini, na nina jambo la kukiri kabla sijaghairi. Barua hii naiweka kwenye kundi letu la familia, dada zako na shangazi zako waisome, maana ni huko huko nilikotangaza kwamba kazi yako haifai.

Unakumbuka tulivyoitafuta? Jumamosi mbili ulinizungusha Kariakoo kusaka vipande vyake, mimi na kikapu changu nikidhani tutapitia na nyanya. Kila duka uliinua kifaa ukakinusa. "Mama, hebu nusa, hiki kimeungua." Nami nikanusa, tena kwa makini, mpaka muuzaji mmoja wa Mtaa wa Msimbazi akaniuliza, "Mama, unanunua vifaa au pilipili?" Ulicheka hadi ukaegemea mlango wa watu. Sijawahi kukwambia, lakini siku ile nilifurahi kuliko siku ya mahafali yako.

Ukaiunda juu ya mkeka, skrubu umezipanga kwenye kifuniko cha kopo la maziwa. Ukaiunganisha na televisheni, ukaijaza kaswida, taarabu, na harusi za dada zako zilizokuwa zinaharibika kwenye sidii. Asubuhi ya kuondoka kwenda Dodoma kwenye kazi yako ya mkataba ukaniambia, "Mama, itumie mwezi mzima, halafu uniambie ukweli. Usiseme nzuri kwa sababu ni mimi. Ikikufaa wewe, nawaundia na wengine." Nilijua wateja wawili wanangoja jibu langu.

Basi nikakwambia nilichodhani ndio ukweli. Picha safi, sauti safi, ila ikifika nusu saa inajizima. Leo inajizima, kesho inajizima. Namtazama dada yako anaingia ukumbini na shela lake, hajafika hata jukwaani, kioo cheusi! Nikapandwa na hasira, nikaandika kwenye kundi: "Kompyuta ya Idi imetushinda." Ukanipigia, sauti imekwisha kabisa. "Mama, kama ya kwako imenishinda, ya watu nitaiweza?" Ukawaambia wale wawili wasubiri kwanza. Niliumia, ila nikajiambia, si mwenyewe alitaka ukweli?

Sasa sikia. Unaijua nyumba yetu. Redio ina kitambaa, friji lina kitambaa, televisheni ina kitambaa. Kitu cha thamani hakikai uchi kwangu, na vumbi la Buguruni unalijua. Ulipoondoka tu nilikaa siku nne nikaifumia kompyuta kitambaa chake cha waridi, kizito, kinachofika mpaka mezani pande zote. Nilikifuma kwa mapenzi. Yale matundu ya nyuma yanayopuliza upepo niliyaona, nikadhani ndiko mende watakakopitia, nikayaziba vizuri zaidi.

Ijumaa iliyopita nilikitoa nikakifua. Mashine ikapiga tangu watu wametoka msikitini mpaka alasiri ikapita, haikujizima. Jumamosi kitambaa kimekauka, nikakipiga pasi, nikakirudisha. Nusu saa haikuisha. Nikaingiza mkono chini yake, nikautoa haraka, maana kasha lilikuwa la moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nilijicheka peke yangu, kisha nikaona aibu. Siku tatu nimenyamaza, kwa sababu mama yako hapendi kukosea mbele ya mawifi.

Idi, kompyuta yako haina kosa lolote. Mimi ndiye niliyekuwa naiziba pumzi. Nisamehe, baba.

Na huu sasa ndio ukweli ulioutaka. Kuwaka inachelewa, namaliza kumenya vitunguu viwili. Maandishi yake madogo, bila miwani sioni kitu. Ile rimoti ina vitufe vingi visivyonihusu na nimeapa sivigusi. Lakini kwenye spika nasikia maneno ya mwimbaji, si ngoma tu, na feni yake haina makelele. Harusi ya dada yako nimeitazama hadi mwisho, nikamwona marehemu bibi yako akicheza na kanga kiunoni, nikalia kidogo, kilio cha raha. Siku hizi alasiri majirani wanaingia wenyewe, na nimeongeza mkeka wa pili. Nina furaha, mwanangu.

Kitambaa sasa nimeufunikia mfuko wa unga. Unaweza kucheka.

Kwaheri, ule vizuri, na asubuhi uvae sweta. Wapigie wale wateja wako leo leo. Jana Mama Rehema wa chumba cha pili aliikodolea macho kaswida hadi chai ikampoa mkononi, akataka kujua fundi ni nani, na yeye aundiwe kama hii. Nimemwambia fundi ni mwanangu, ila apange foleni, mbele yake wapo wawili.

Mama yako