Tieni Maji, Taa Zimerudi

Beechmont, Louisville
14 Septemba 2024

Baba yetu,

Nakusalimu kwa heshima katika jina la Bwana. Sisi hapa tuko wazima. Bahizire mwanao anaenda kazini ghalani kama kawaida, na Mizero ameanza shule, sasa ananijibu kwa Kiingereza hata nikimuuliza kama ameshiba. Mama anakula vizuri. Masikio yako yanaendeleaje? Rakeli anasema tukipiga simu unasema "halo" kisha unamrudishia, kwa hiyo naandika.

Habari ni hii: tumenunua karavani. Ni ya zamani, imenizidi umri. Miaka yote hii mafaili yenu ya ukimbizi yamewatenga, wewe Buffalo kwa Rakeli binti yako, Mama mkeo huku kwetu, na mgongo wake haukubali tena kukaa kwenye basi. Ndani ya karavani atalala njiani. Akifika atakaa humo humo uani kwenu, maana ngazi za nyumba ya Rakeli hataziweza, mpaka mkweo Karoli amalize kile chumba cha chini. Nikwambie kweli, Baba, haraka yetu ina sababu. Mama anasahau. Mwanzo alisahau chumvi, sasa anasahau majina. Jina lako bado analo, nami nataka akufikie akiwa bado analo.

Lakini umeme wa karavani hatuuelewi. Tunachomeka waya kwenye nyumba, birika la umeme linachemka, soketi zote zinafanya kazi. Taa za dari zinawaka vizuri, halafu jioni zinaanza kufifia kama mtu anayesinzia, na feni ya hita inazifuata. Tukiikokota kwa pikapu kuzunguka mtaa, tunarudi taa ziking'aa. Ni umeme gani huo unaopenda matembezi? Wewe ndiye fundi wa familia, tusaidie.

Mkamwana wako,
Mama Mizero


Black Rock, Buffalo
20 Septemba 2024

Mama Mizero,

Barua imefika, nimeisoma peke yangu bila kupigiwa kelele na mtu. Hapa tuko salama. Karoli anapiga misumari kila Jumamosi na chumba bado sikioni. Masikio yangu niliyaacha kwenye mashine za kiwanda, lakini macho ninayo.

Karavani ina umeme wa aina mbili, na hizo aina mbili hazisalimiani bila mkalimani. Umeme wa nyumba ndio unachemsha birika. Umeme wa betri ndio unawasha taa na feni ya hita. Katikati kuna kisanduku cha chuma kinachopokea ule mkali na kuupoza ili ujaze betri. Kwenu naona hicho kisanduku kimegoma, na betri inashiba tu pikapu inapoikokota karavani. Kitafuteni. Kina fyuzi za rangi rangi na huwa kinavuma kidogo. Mara nyingi wanakiweka karibu na mlango au chini ya meza. Niandikie kiko wapi na kama kinavuma. Bahizire asikiguse, ninamjua.

Msalimie Mama Bahizire. Sema Bagula anakusalimu, usiseme mzee.

Baba mkwe wako,
Bagula


Beechmont, Louisville
28 Septemba 2024

Baba yetu,

Amani ya Bwana iwe kwako. Sisi wazima, isipokuwa Mizero ana mafua.

Tumetafuta. Karibu na mlango tumekuta kiota cha panya na kijiko. Chini ya meza kuna pampu ya maji. Kuhusu kisanduku chenyewe, kipo, ila mahali kilipo ni vigumu kueleza. Kiko upande wa nyuma. Kama kinavuma siwezi kukuhakikishia, maana si mahali pa mtu kuinama na kusikiliza. Nilimuuliza Bahizire nikuandikieje, akacheka, akasema, "Bon, mwambie Papa kiko ndani tu." Basi kiko ndani.

Kuna jambo jingine linanichanganya. Mama anapenda kukaa kwenye karavani jioni. Taa zikizimika haogopi hata kidogo. Anasema, "Banamuita Bagula." Bahizire akiwasha pikapu na taa zikarudi, Mama ananigeukia na kuniambia, "Mama Mizero, mutie maji ku ziko. Bagula iko njiani." Namwambia, Mama, niteleke maji ya nini, Baba yuko Buffalo, ni mbali. Ananitazama kama mimi ndiye niliyepotelewa na akili. Je, ni ugonjwa huo, au kuna kitu sikijui?

Mkamwana wako,
Mama Mizero


Black Rock, Buffalo
5 Oktoba 2024

Mama Mizero,

Pole kwa mafua ya mtoto. Mpe tangawizi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara kisanduku kinahama. Upande wa nyuma wa nini? Ndani ya nini? Nimechora karavani yenu kwenye karatasi ya sukari. Kwanza nikakiweka kisanduku kabatini, halafu juu ya gurudumu, halafu chooni. Rakeli aliuona mchoro akaniuliza kama naumwa. Miaka yote niliyofanya kazi ya umeme Bukavu, sijaona kisanduku chenye haya kama chenu.

Kwa vile hamtaki kuniambia kiko wapi, fanyeni hili moja. Nje, karibu na betri, kuna waya inayoshika kwenye chuma cha karavani. Mara nyingine inapata kutu na umeme unakosa njia ya kurudi. Isugueni mpaka ing'ae. Pengine hilo litatosha, ingawa sina imani nalo.

Na Mama Bahizire akisema mtie maji, tieni maji. Msibishane naye.

Baba mkwe wako,
Bagula


Columbus
13 Oktoba 2024

Baba yetu,

Nakusalimu. Ujumbe huu nautuma kwenye simu ya Rakeli, atakuonyesha. Tuko Columbus, uani kwa Methodi, yule rafiki wa Bahizire wa tangu kambini. Hatuko vizuri.

Tulisugua waya, taa zikawaka siku nzima, tukaamini. Jana tukaondoka. Njia nzima Mama alikuwa mchangamfu, anatutajia nyumba za Bukavu. Tulipofika hapa tukachomeka waya kwa Methodi na kulala. Asubuhi hita ilikuwa imezima na Mama amejikunja, mikono baridi, anakohoa. Mke wa Methodi amemtandikia ndani ya nyumba yake lakini Mama hataki kutoka. Anasema akishuka hapa hatafika.

Fundi wa hapa anasema ataitazama baada ya wiki tatu. Bahizire amekata tamaa. Anasema kesho tunarudi Louisville na karavani tunaiuza, hawezi kumleta mama yake kwenye theluji ya Buffalo ndani ya bati lisilo na moto. Baba, tukirudi, sioni safari nyingine. Juzi aliniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo naiweka aibu pembeni. Kisanduku kiko chini ya kitanda. Kitanda changu na cha mwanao. Ndiyo maana sikuweza kukuandikia. Ningeandikaje kitu kama hicho kwa baba mkwe? Hii karavani ni chumba kimoja, ukifungua mlango unaona kitanda moja kwa moja. Bahizire pia ameniambia leo kwamba alipoweka betri mpya aligeuza waya, cheche zikaruka, akarudisha waya haraka na kunyamaza.

Mkamwana wako,
Mama Mizero


Black Rock, Buffalo
13 Oktoba 2024

Mama Mizero,

Naandika kwa mkono, Rakeli atapiga picha.

Sasa nimeelewa, na sikulaumu. Mama yako alikulea vizuri. Cheche hizo zimekata fyuzi mbili nene ndani ya kisanduku, zimewekwa humo kwa ajili ya kosa hilo hilo. Kisanduku ni kizima, betri ni nzima, ila njia imekatika katikati.

Lakini ndani ya kisanduku umo pia umeme wa nyumba, ule unaoua. Siwezi kumwagiza mwanangu apeleke mkono humo kwa maneno ya karatasi. Msirudi Louisville. Ninakuja na basi la kesho, nimeshapakia vifaa.

Ila kuingia siwezi. Mimi nitapiga magoti kwenye kitanda cha mkamwana wangu? Nitasimama nje kwenye dirisha la nyuma, Bahizire atakuwa ndani, nitamwelekeza hatua kwa hatua.

Baba mkwe wako,
Bagula


Columbus
14 Oktoba 2024

Baba yetu,

Salamu kwa heshima. Najua unajiandaa kwenda stesheni, nitakuwa mfupi.

Dirishani hutamsikia Bahizire. Ukiwa naye meza moja humsikii, seuze yeye akiwa na kichwa chini ya mbao. Atasema amezima umeme wewe utasikia amewasha. Hapana, Baba, nami nina mtoto wa kulea.

Nimefanya hivi. Nimetoa mashuka yangu, mito yangu, nguo zangu, kila kitu, vyote viko kwa Methodi. Mimi, Bahizire na Mizero tutalala sebuleni kwao. Nimetandika blanketi la Mama na kitenge chake cha kijani, na Mama mwenyewe nimemlaza juu yake. Kitanda si changu tena, wala sitakidai. Hicho ni chumba cha mkeo. Ukifika mimi nitakuwa mbali, upande wa pikapu.

Nakuomba uingie.

Mkamwana wako,
Mama Mizero


Beechmont, Louisville
3 Novemba 2024

Baba yetu,

Bwana asifiwe. Tulirudi salama kutoka kwenu na pikapu tupu. Nilikuwa nageuka nyuma kutafuta karavani na haipo. Mizero anauliza habari za bibi yake kila siku. Kikohozi cha Mama kimepungua? Hita bado inafanya kazi? Rakeli anasema theluji ya kwanza imeshaonekana.

Nina swali ambalo sikuweza kukuuliza mbele ya watu, na njiani kwenda Buffalo ulikaa na Mama ukiwa umemshika mkono, nikaona nisikusumbue. Siku ile Columbus mimi na Bahizire tulikuwa tumesimama pale kwenye pikapu. Tuliona taa zinawaka, tukashukuru Mungu. Halafu ukatoka nje. Tukadhani unakuja kutuambia. Wewe ukafunga mlango nyuma yako, ukajifuta mikono, ukaweka kofia sawa, ukageuka ukabisha hodi kwenye mlango ule ule uliotoka. Bahizire akaniambia, "Donc, na Papa pia ameanza?" Mpaka leo tunalizungumza na hatulielewi.

Mkamwana wako,
Mama Mizero


Black Rock, Buffalo
10 Novemba 2024

Mama Mizero,

Tuko salama. Kikohozi kimeisha. Hita inanguruma mpaka mimi naisikia. Karoli amemaliza ukuta mmoja.

Mwambie Bahizire sijaanza. Nitakueleza wewe, naye utamweleza.

Nilipoingia pale Columbus, Mama Bahizire alinitazama vizuri sana. Akaniambia, "Karibu fundi." Nikasema, ni mimi, Bagula. Akacheka kwa adabu, akasema nifanye haraka nimalize, bwana wake yuko karibu kurudi na hapendi kukuta wageni chumbani. Nilipiga magoti nikafanya kazi, kwa sababu mikono inajua kazi hata moyo ukikataa. Niliogopa, Mama Mizero. Nilifikiri mmeniletea mke wangu na mimi nimechelewa.

Nikabadilisha fyuzi, nikawasha. Taa zote zikaja. Nikamwona amekaa kitandani, ametengeneza kitambaa kichwani. Akasema, yale maneno ambayo wewe ulidhani ni ugonjwa, "Taa zimerudi. Mutie maji ku ziko. Bagula iko njiani."

Bukavu mtaa ukiingia giza, walikuja kuniita, nikaondoka na ngazi yangu. Yeye alibaki gizani na watoto. Taa zikirudi alijua kazi imeisha, anateleka maji ya kuoga, na mimi nikifika namkuta mlangoni. Hatukuwahi kupanga hivyo. Ilikuwa hivyo tu.

Basi nikatoka, nikafunga mlango, nikabisha hodi. Akafungua mwenyewe. Alinitazama, akasema, "Bagula, umechelewa, maji yamepoa."

Asubuhi hapa mimi ni fundi, na fundi anapewa chai kwa heshima, silalamiki. Jioni nazima umeme wote wa karavani kutoka nje, nasubiri kidogo uani, nawasha. Halafu nabisha hodi. Rakeli ananiona kutoka dirishani kwake. Karoli amesema chumba kikiisha nacho atakiwekea swichi nje.

Sasa giza linaingia, naishia hapa. Mbusu Mizero. Mwambie babu yake anaenda kazini.

Baba yako,
Bagula