Kumpumzisha Lorne na Vidonge

Jumatatu, 9 Januari

Imekubali! Jamani, imekubali! Mstari wa modeli yangu ya hesabu umepita sawasawa juu ya vipimo vya damu vya wagonjwa wote. Saratani ya tezi dume, seli za aina mbili: dhaifu zinazouawa na dawa, na sugu. Ukizimaliza dhaifu, sugu zinabaki na uwanja wote. Ukiipumzisha dawa, dhaifu zinarudi kuzibana. Nimecheza peke yangu ofisini. Nje jiji zima la Edmonton limeganda kwa baridi — shauri yake!

Alhamisi, 12 Januari

Daktari Pelletier wa kliniki kanikata maini. Kauliza: hawa uliowajaribia modeli, si ndio hao hao uliowatumia kuitengeneza? "Brenna, umempa mwanafunzi mtihani pamoja na majibu!" Aibu gani hii! Kosa la mwaka wa kwanza.

Jumanne, 24 Januari

Nilizifungia nusu za mwisho za vipimo, modeli isizione. Nikaiambia ikisie.

IMEKISIA! Si wote — wawili imewakosa vibaya mno. Lakini Lorne, yule dereva mstaafu wa magari ya kusukuma theluji, imempata barabara. Pelletier katazama weee, kisha: haya, tumuulize mwenyewe kama atakubali kupumzisha dawa.

Lorne kacheka. Vidonge vimemchosha, kupanda ngazi tu anatweta. Yuko tayari hata leo aviache. Mkewe hakucheka. Kaniuliza, angekuwa baba yako ungekubali? Nikasema ndiyo. Haraka kidogo, labda. Lakini ndiyo!

Ijumaa, 17 Februari

Damu ya Lorne imerudi. Kipimo cha saratani kimepanda — pale pale nilipochora! Nimepiga kelele, jirani wa ofisi kaja kuniangalia kama nimeumia.

Pelletier wala hakutabasamu. Kasema: tumeacha dawa, kitapanda tu, uwe umepatia au umekosea. Sugu zikikua, nazo zinapandisha. Tutajua siku tutakapomrudishia vidonge — kishuke, au kigome kushuka.

Kweli tupu. Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo.

Lorne kaniachia ujumbe kwenye simu. Sauti nyepesi, mpya. Yuko ziwani, katoboa barafu mwenyewe, kavua samaki wawili. "Naambiwa kimepanda kama ulivyosema, binti. Kwa hiyo nifurahi, siyo? Nipigie."

Nimeurudia ujumbe. Na jamani, bado nina furaha — haitoki! Hiyo ndiyo inayonitisha.

Ngoja nimpigie. Inaita. Kapokea mkewe, yule wa "angekuwa baba yako" — naye safari hii sitamjibu haraka.