Namwongezea Mume Wangu Suruali Asijue Ananenepa Tena

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama una maneno makali usiyapunguze, maana nimechoka kiasi kwamba hata kukemewa kwangu kutakuwa mapumziko.

Mimi ni fundi cherehani, nina kichumba changu cha kushonea kando ya duka la dawa, na mume wangu ni mwalimu wa udereva, mtu wa mizaha, mnene tangu ujana wake, na unene huo tuliuchekea pamoja miaka mingi mpaka siku mwanafunzi wake mmoja, binti mpole tu, alipomwambia, "Mwalimu, umesahau kufunga mkanda," naye hakuwa amesahau, mkanda ulikuwa haufiki, akarudi nyumbani hakula, akajifungia chumbani kwa siku kadhaa, na hapo ndipo safari ya hospitali ilipoanza mpaka wakampasua na kumpunguza tumbo la chakula, wakatuambia ale kidogo kidogo, atafune sana, asinywe wakati anakula, na aanze na vitu vya majimaji, kisha vilaini, kisha chakula cha kawaida.

Majimaji tuliyaweza na vilaini tukaviweza, kisha wifi yangu, yaani dada yake, akatualika kwake, akamkatia kaka yake pande la nyama, akamwambia, "Kula kaka, umebaki macho tu," na yeye kwa kuona haya akalimeza haraka haraka, likamkwama kifuani, akatapika palepale mezani mbele ya shemeji na watoto, nikamwona anajifuta mdomo, nikaapa moyoni kwamba hatatapika tena mbele za watu nikiwa hai. Kesho yake nikarudi kwenye blenda, na ndiko niliko mpaka leo.

Kila asubuhi nasaga ndizi, parachichi, karanga, maziwa mazito na asali, namjazia chupa kubwa, anaibana katikati ya magoti garini na kunywa taratibu kutwa nzima huku anafundisha watu kuegesha, jioni namsagia nyingine, chupa ikiisha ananunua juisi au soda anaiacha itoke gesi kwanza, kwa sababu vyote hivyo vinashuka bila maumivu na yeye ananiambia, "Mke wangu, umeniokoa," lakini chakula cha kutafuna anakitazama kama mtihani, anajaribu vijiko viwili na kuvisukuma kwa kinywaji. Kliniki ya marudio tuliiacha zamani, tukijiona tumeshavuka.

Na kweli mwanzoni alipungua, mshauri, nilimpunguzia suruali moja baada ya nyingine nikiimba, na siku mkanda wa gari ulipofunga ukabaki mrefu alinipigia simu kuniambia hilo tu, akakata. Sasa juzijuzi nilikuwa napiga pasi suruali yake ya bluu nikaona mshono wa kiuno umevutika na uzi umeanza kuachia, kazi hii naijua, nikajua ananenepa tena, na badala ya kumwambia nikaipeleka kazini, nikaufumua mshono, nikaachia kitambaa kidogo kati ya kile nilichokuwa nimekikunjia ndani, nikashona upya, nikairudisha kabatini na kujitia hamnazo. Ikafuata ya kahawia, kisha ya bluu tena. Mkanda wa suruali havai, anasema unamkera tumboni, kwa hiyo hakuna tundu la kumshtua, na mizani ya nyumbani nimeitoa betri nikamwambia imeharibika.

Na mimi mwenyewe, tangu alipofanyiwa operesheni niliamua sitakula mbele yake asije akatamani, kwa hiyo nakula kazini nyuma ya pazia la kupimia nguo, nimesimama, mteja akibisha nameza kabla ya kutafuna, na jioni nakaa naye mezani na kikombe cha chai nikijidai nimeshiba. Nimechoka, mshauri. Nimechoka kusaga, nimechoka kufumua, nimechoka kutabasamu.

Wiki iliyopita alinikuta nakunja nguo akaniuliza, "Hivi hizi suruali zangu mbona hazinisumbui hata siku moja?" Nikacheka, nikamjibu, "Si umeoa fundi!" Hakucheka, na si kawaida yake. Jana akaja kazini kwangu na ile suruali ya kijivu ya kuendea sherehe, akaiweka mwenyewe juu ya cherehani, akasema, "Na hii nayo iangalie," akaondoka. Nimeiangalia yote, ndani na nje, haijachanika popote. Nimeshika mkasi mara kadhaa, mkono unakataa.

Nikimwambia ukweli naogopa atajifungia chumbani kama siku ile. Nikinyamaza, kitambaa cha ndani kimekwisha. Nifanye nini?

Ni mimi, Fundi Niliyeishiwa Kitambaa

*

Fundi wangu,

Pole. Keti kwanza, tena kwenye kiti, maana nashuku hata barua hii umeiandika umesimama nyuma ya lile pazia. Uchovu wako nimeusikia tangu mstari wa kwanza na sikulaumu kwa kuchoka. Nitakulaumu kwa mengine.

Umekuwa unampaka mumeo mafuta kwa mgongo wa chupa. Mteja akikuletea kitambaa kifupi unamwambia usoni, "Hiki hakitoshi gauni," lakini mume wa kulala naye kitanda kimoja unamfumulia nguo kwa siri! Na betri ya mizani, mama? Hapo nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikasikitika. Umefanya hivyo kwa mapenzi, najua. Lakini mapenzi yako yamemwacha gizani wakati mwili ni wake na hatari ni yake.

Turudi kwenye ile chupa. Ndizi iliyosagwa bado ni ndizi, na asali ndani ya maziwa bado ni asali. Tumbo dogo humzuia mtu kumaliza sahani kubwa, ila halimzuii kunywa kitu kitamu kinachoteremka kutoka asubuhi hadi jioni bila kumshibisha. Operesheni haijamtupa mumeo. Ninyi wawili ndio mliorudi nyuma kwa sababu ya aibu ya mlo mmoja, mkakaa hukohuko. Na kule kwa wifi yako tatizo lilikuwa pande kubwa, haraka na haya. Wifi mwambie kwa heshima kwamba kaka yake ana mikono, atajikatia mwenyewe.

Mimi si daktari na sitajifanya daktari, kwa hiyo la kwanza ni kliniki. Nendeni wiki hii, wote wawili, msiambizane "tutaenda." Waelezeni habari ya chupa, ya vijiko viwili, na kama walimpa vidonge vya vitamini akaviacha semeni pia, msione haya, wameshasikia makubwa kuliko hayo. Ikiwa kila kitu kigumu kinamkwama, wao ndio wa kuangalia kama kuna kasoro ndani. Wewe acha kubahatisha.

Wakati mnasubiri kuonwa, chupa ya garini iwe ya maji matupu, ayanywe funda dogo dogo katikati ya milo. Akila asinywe, na akimaliza kula angoje kama nusu saa hivi. Juisi na soda ziondoke nyumbani, hata iliyotoka gesi, maana sukari haitoki na gesi. Mwandalie sahani ndogo yenye yai, samaki au maharage yaliyoiva sana, aanze na hivyo, vipande vidogo kama ukucha, atafune mpaka viwe uji, kijiko akiweke chini kabla ya kuchukua kingine. Akisikia amejaa, aache, hata kama kimebaki kijiko kimoja, na wewe usimbembeleze akimalize. Polepole hivyo hivyo. Huyo ni mwalimu wa udereva, anajua hakuna anayeanza na gia ya nne.

Na wewe ule. Lile pazia ni la wateja. Ulijinyima ili mumeo asitamani, ukamwacha anakula peke yake kama mgonjwa wa wodini, halafu unashangaa chakula kimekuwa mtihani kwake. Pakua chako, kaa mbele yake, kula taratibu anapoweza kukuona. Atajifunza kutafuna akiwa na mtu anayetafuna.

Sasa nije kwenye hofu yako. Unaogopa atajifungia. Siku ile aliambiwa na mwanafunzi, akiwa garini, akiwa peke yake na aibu yake. Safari hii ataambiwa na mkewe. Akijifungia, bisha hodi, tena uwe umebeba sahani mbili.

Lakini sidhani atajifungia, na nitakuambia kwa nini. Umeniandikia barua ndefu kuuliza utamwambiaje jambo asilolijua. Fundi mzima wewe, mtu wa vipimo! Mtu anayevaa suruali kila asubuhi anajua kifungo kinafunga wapi. Alikuuliza mbona hazimsumbui, ukamjibu kwa mzaha. Akaja tena, safari hii hadi kazini kwako, na suruali ambayo haijachanika popote. Huyo hakuja kushonewa. Amechoka na siri hii kama ulivyochoka wewe, na ameanza kuisema kwa njia aliyoiweza.

Basi weka mkasi chini, ile ya kijivu usiiguse. Mrudishie leo kama alivyoileta, umwambie, "Nimeiangalia." Kisha umwache yeye aseme linalofuata, nawe umwambie yote, hata ile betri.