Sinywi Siki ya Mjomba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila nakuambia mapema kwamba sikuandikii unifundishe adabu, adabu nimefundishwa na mama yangu wiki nzima mpaka masikio yamechoka, nataka tu mtu mmoja ambaye hajawahi kunywa kutoka pipa la mjomba wangu aniambie kama ni mimi niliyerukwa na akili au ni wenzangu.

Mimi ni fundi friji, mwanamke, na ndiyo, mtungi wa gesi naubeba mwenyewe begani, swali hilo nimelizoea. Jumamosi jioni nikishanawa mikono naenda kwenye klabu yetu ya watengeneza divai ya nyumbani, watu wa kawaida tu, yupo mwalimu, yupo dereva wa lori, yupo muuza magodoro ambaye ndiye mweka hazina wetu na tunamwita Kizibo kwa sababu akishika jambo halitoki wala haliingii, na kila mmoja ana madumu yake chini ya ngazi au nyuma ya kabati, mwingine nanasi, mwingine zabibu, mwingine ndizi zilizoiva kupita kiasi, na tukikutana tunafundishana kuosha chupa, tunagawana hamira, tunabishana sukari iongezwe lini, na mwezi uliopita tulikwenda pamoja kwenye shamba la zabibu tukarudi tumebeba makreti na nguo zimeharibika, raha tupu. Mwenyekiti na mwanzilishi ni mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea baba alipofariki nikiwa bado sijang'oka meno ya utoto, aliyenibandika sikio kwenye dumu akaniambia, "Sikiliza, mwanangu, inachemka bila moto."

Sasa klabu yetu ina desturi moja. Glasi zikishajazwa hakuna anayesema kitu mpaka mwenyekiti ameonja na kutoa neno la kwanza, akisema tamu ni tamu, akisema bado changa ni changa, na zamani ilikuwa na maana kwa sababu mjomba alikuwa na pua, mshauri, pua ya kweli, alikuwa anapita tu mlangoni kwako anakuambia dumu lako moja halikufunikwa vizuri, ukienda kutazama unakuta ni kweli. Lakini tangu msimu wa baridi, alipolazwa na mafua makali hata tukaogopa, amekuwa mtu mwingine, kila glasi kwake ni tamu, divai ya dereva iliyokuwa inanuka soksi aliipa nafasi ya kwanza mpaka dereva mwenyewe akaona haya, na nyumbani nako ni ubishi mtindo mmoja, chakula anakitia chumvi hadi mke wake anaficha kopo, juzi maziwa yaliungua jikoni naye ameketi hapohapo na gazeti lake, mke wake alipofoka akajibu kwamba hakuna aliyemwambia kuna maziwa, tukacheka mpaka machozi. Uzee una mambo.

Jumamosi iliyopita alileta jagi kutoka pipa lake kubwa la zabibu, alilolitunza mwaka mzima kwa ajili ya Siku ya Wageni, maana karibuni klabu za miji ya jirani zinakuja kutuonja na pipa hilo ndilo litakalofunguliwa mbele ya wote. Harufu ilinipokea mlangoni. Wale inzi wadogo wa matunda walikuwa wamelizunguka jagi kama wamealikwa. Mjomba akanywa, akafumba macho, akasema, "Hii sasa ndiyo divai," na watu wazima wenye akili zao timamu wakanywa mmoja baada ya mwingine wakasema hii sasa ndiyo divai, mwalimu machozi yanamchuruzika anasema ni furaha. Ikafika zamu yangu nikaonja. Mshauri, sikusema imeanza kuharibika, ilikuwa siki kamili, ya kusugulia vioo. Nikasema, "Mjomba, hii ni siki."

Mjomba akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Nimekufundisha kushika glasi, leo unanifundisha kunywa?" Nikamwambia, "Ulinifundisha kusema ninachoonja." Akachukua jagi lake akatoka nalo, likimmwagikia shati, na mpaka leo hapokei simu yangu.

Kamati ikakaa bila mimi ikaamua kwamba Jumamosi ijayo nisimame mbele ya wanachama, ninywe glasi nzima kutoka pipa lilelile, niseme ni divai safi, kisha nimwombe mjomba radhi, la sivyo mimi si mwanachama tena. Ujumbe aliuleta Kizibo. Nikamuuliza pale getini, "Na wewe, kaka, yako uliionaje?" Akatazama kushoto na kulia. "Dada, mimi yangu niliimwaga kwenye chungu cha maua. Lakini kuna namna ya kusema." Nikamuuliza namna gani. Akasema, "Kutosema."

Mama naye ananiambia mkubwa hakosolewi mbele za watu, glasi moja tu, kwani nitakufa? Mshauri, sinywi. Najua klabu itaniponyoka, na ikiponyoka naye mjomba ataniponyoka, kwa sababu tangu nikue hatujawahi kuzungumza jambo la maana bila dumu kuwa katikati yetu, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika, lakini siki ni siki na mimi sinywi. Je, ninakosea?

Mpwa Mkaidi

*

Mpwa Mkaidi,

Hukosei. Usinywe. Hilo tumelimaliza, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Kwanza wale walioanza kunoa kalamu waniandikie kwamba pombe ni dhambi, subirini. Leo tunazungumza habari ya watu wanaoogopana, na hao wapo hata kwenye vikundi vya maombi.

Mpwa, umeandika barua ndefu kuhusu siki, na jambo kubwa kuliko yote umelipitisha kama kichekesho. Mtu ana pua ya kusifiwa. Anapata mafua makali. Tangu siku hiyo kila divai kwake ni tamu, chumvi haimtoshi, maziwa yanaungua pembeni yake wala hana habari, nanyi mnacheka mpaka machozi! Wewe si fundi? Ukiletewa friji halipoi, unalitukana kwamba limezeeka, au unatafuta linapovuja? Mimi si daktari, siwezi kukuapia, ila dalili ulizoziandika kwa mkono wako zinaniambia mjomba wako hasikii harufu. Na asiyesikia harufu hawezi kujua pipa limeanza kuchachuka, hawezi kulijaza juu kwa wakati ili hewa isiingie, na siku akilionja ulimi unapata ukali tu, hauna pua ya kuusaidia kujua ni divai changa au siki.

Nitakuambia na jingine. Nadhani mwenyewe anajua. Mtu asiyejua angekucheka, angesema ulimi wako una homa. Wako alisema "Rudia." Hebu jiweke mahali pake: jina lako lote mjini limejengwa kwa pua, unaamka asubuhi, unainamia dumu, kimya. Utamwambia nani? Hao wanaosubiri neno lako ndipo wafungue midomo? Basi kila Jumamosi anabahatisha, wanaitikia, anarudi nyumbani na usalama wa wiki moja zaidi. Mmemheshimu mpaka amebaki peke yake.

Kosa lako ni moja, na nalisema bila kumung'unya. Harufu ilikupokea mlangoni, umeandika mwenyewe. Kutoka mlangoni hadi mezani ulikuwa na nafasi ya kumvuta mkono ukamnong'oneza, "Mjomba, njoo nje kidogo." Hukumvuta. Ukamwachia ukweli mbele ya kadamnasi, mtu aliyekulea! Kwa hilo tu mwombe radhi, mkiwa wawili, na usichanganye na habari ya divai. Kwa kusema kweli usimwombe mtu yeyote radhi, hai wala mfu.

Mama yako shikamoo yake, tena kwa mikono miwili. Lakini mama, mkubwa hakosolewi mbele za watu, sawa. Je, achekwe mbele za watu? Wageni wa miji ya jirani si wapwa zake. Hawatasema "hii sasa ndiyo divai." Watatema, watakohoa, na hadithi yake itapanda basi pamoja nao. Huyo ni kaka yako wa tumbo moja. Ukimpenda, mkinge na aibu hiyo, sio na neno moja la binti yako.

Na ninyi kamati! Klabu ya kuonja inayomwadhibu mtu kwa sababu ameonja! Nunueni soda mkae mnatazamana, itawagharimu kidogo na hakuna atakayekosana. Kizibo, ndugu yangu, siki umeimwaga wewe kwenye chungu cha maua, halafu ukapiga kura mwenzako ainywe glasi nzima. Nakuombea usingizi uwe mgumu, ingawa unauza magodoro.

Sasa ya kufanya, na ufanye kabla ya Jumamosi, maana umri wa mjomba wako hauruhusu mnuniane. Nenda kwake asubuhi. Simu hapokei, mlango atafungua, na kama hafungui mke wake atafungua. Usibebe chupa, usibebe dumu. Umesema hamjawahi kuzungumza bila dumu kati yenu; leo mtajua kama mnaweza. Mwambie, "Mjomba, tangu yale mafua husikii harufu." Halafu nyamaza. Atafoka. Mwache afoke, usijibu hata neno, hasira ya mtu aliyegunduliwa haidumu kama ya mtu aliyeonewa. Akimaliza utamwona anakaa chini, na hapo ndipo mazungumzo yataanza.

Apelekwe kwa daktari wa pua, wewe mwenyewe umpeleke, usiwaachie "tutaona." Wengine hurudiwa na harufu, wengine hapana, na yeye anastahili kujua yuko upande gani. Siku hiyohiyo mke wake aambiwe, kwa sababu aliyeshindwa kusikia maziwa yakiungua hatasikia gesi ikivuja jikoni, na hapo hakuna mtu atakayecheka. Habari yenyewe ya pua ni yake, usiitangaze klabuni kabla yeye hajaamua. Hata mimi nimebadilisha mambo mawili matatu kwenye barua yako asitambulike.

Pipa limekwisha, msidanganyane, siki haigeuki kuwa divai hata ikiombewa. Itieni kwenye chupa, muandike SIKI kwa herufi kubwa, iwekeni mbali na madumu mengine isiyaambukize, na mpira wa kuhamishia divai na faneli, vyote vilivyogusa pipa hilo, vioshwe kwa maji ya moto. Siki nzuri ya zabibu ina wateja wake. Kwa Siku ya Wageni, fungueni divai yako wewe. Mjomba ana mikono na kichwa cha miaka yote hiyo, wewe una pua. Kaeni pamoja, mkono wake upime, pua yako iseme. Na ile desturi ya neno la kwanza igeuzwe, wadogo waanze kusema na mwenyekiti awe wa mwisho. Wakikataa kuigeuza, jua kwamba huko si klabu, ni baraza la kupiga makofi, na unaweza kutengeneza divai nzuri tu nyumbani kwako.

Ikitokea kwamba mjomba hakukusikiliza asubuhi hiyo, na Jumamosi wamekusimamisha, glasi imejaa na wote wanakutazama, usipige kelele wala usilie. Iweke mezani. Mtazame yeye tu, wengine wasikie wakitaka, na umwambie: "Sinywi, mjomba. Nifukuzeni leo, lakini siku ya wageni nitakuja nisimame mbele ya pipa lako, na hakuna mgeni atakayekucheka mimi nikiwa hai."