Pua ya Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Gari la mwalimu mstaafu limerudi gerejini kwetu. Zee, lakini la injeksheni, mafuta yake husukumwa kwa presha, si la kabureta – ndiyo maana mafundi wengine wanalikwepa. Likipanda mlima linakosa nguvu, mwisho linazima. Kaka akafunga geji ya kupimia presha ya mafuta: presha safi. Akaanza kulaumu plagi. Nikamwambia presha ni jambo moja, wingi wa mafuta ni jingine. Tuelekeze bomba la kurudishia mafuta tangini kwenye chupa tuone. Yakachuruzika kwa unyonge. Filta imeziba.

Ila kuna kitu kimenikaa rohoni. Bomba lilimwaga petroli, sakafu ikalowa, macho yakaniwasha. Kaka kainama palepale, anapiga mluzi. Yeye! Mtaa mzima unamwita Pua, kwa sababu hunusa moshi wa gari akakwambia linaumwa nini.

Jumatano, 6 Machi

Mama kasema kaka alikunywa maziwa yaliyochacha jana, akasifu. Mama alicheka. Mimi sikuweza. Yale mafua yake makali ya mwezi uliopita – tulidhani yamekwisha.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemjaribu. Nikamziba macho kwa nyuma, mchezo wetu wa utotoni, nikamsogezea puani tambara lenye petroli. Nikamwuliza ni nini. Akanusa. Akanusa tena.

"Maji," akasema.

Nilipomwachia akaliona tambara. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alikaa juu ya tairi, akafuta mikono muda mrefu.

"Usimwambie mtu, mdogo wangu. Wakijua, mimi nitabaki nani hapa?"

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema hayo nimwambie mgonjwa. Tumekubaliana lakini: bomba lolote la mafuta akilifunga, mimi napita nyuma yake kunusa kabla gari halijawashwa. Filta mpya tayari. Nimenunua na washa za shaba, vile vipete vya kuzuia bolti zake zisivujishe. Za zamani zikishafunguliwa haziaminiki tena, mafuta huvujia juu ya injini ikiwa ya moto.

Usingizi hauji. Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Namwogopea, na nina hasira naye.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempeleka mama zahanati, nikachelewa. Nimefika gereji, gari halipo. Fundi rangi wa jirani anasema mwalimu alikuja na haraka zake, kaka akamalizia kufunga, wameondoka pamoja kulijaribu mlimani. Nikamwuliza kama kaka alinisubiri hata kidogo. Akasema Pua hahitaji kusubiri mtu.

Washa ziko mezani. Zimo ndani ya karatasi yake, haijafunguliwa.

Nikapiga simu. Kapokea, sauti ya furaha, sijaisikia tangu yale mafua. Linavuta kama jipya, anasema, karibu wafike kileleni. Nikamwuliza kuna harufu yoyote?

"Hakuna kabisa."

Nyuma yake nikamsikia mwalimu anakohoa, anaomba dirisha lifunguliwe.

Nikapiga kelele azime gari, washuke, wakae mbali. Simu ikakatika. Sijui alisikia hadi wapi. Nimepiga tena na tena, inaita tu. Fundi rangi amechukua pikipiki na mtungi wa kuzimia moto, amewafuata. Mimi kaniambia nibaki, kaka akipiga apate mtu. Naandika ili nisiwakimbilie kwa miguu. Mlima unaonekana kutoka hapa mlangoni – nimegeuza kiti, nimeupa mgongo.