Kikao Kimekwisha Bila Mimi

Mwenzangu, yamenikuta. Nimesimama peke yangu dakika ishirini. Ishirini!

Leo ndiyo naanza uskramu masta, na kuongoza kikao cha timu cha asubuhi ndiyo kazi yenyewe. Nikaingia chumba cha mikutano, nikabandika karatasi za kazi zao ubaoni, nikangoja. Hakuja mtu.

Mara akaingia dada mmoja wa timu hiyo ya programu kuchukua chaja yake. "Hee, kumbe uko huku? Sisi tumeshamaliza, tumekutana palepale mezani kwetu."

Tumeshamaliza! Bila mimi!

Nami nikajibu, "Haina shida." Haina shida, mimi huyo!

Alipotoka nikasikia wanacheka. Sijui kama wananicheka mimi.

Sasa nabandua karatasi mojamoja, polepole, nionekane nina shughuli.

Niandikie chochote, hata matusi.