Aliyekuwa Akiuliza Habari za Bahari

Garissa,
Alhamisi, mwezi wa saba

Dada yangu mpenzi Mwanaesha,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, Mama miguu imepungua kumuuma, na watoto wote hawajambo. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na sababu nitakueleza, lakini kwanza itazame bahasha. Imekufikia na gundi yake, au imebandikwa upya? Ile uliyoniandikia mwezi uliopita ilifunguliwa njiani. Niliijua kwa gundi, maana wewe hujawahi kupaka gundi nyingi namna ile kwenye kitu chochote. Najua unacheka. Unasema Athmani hata kivuli chake hukikagua kabla ya kukikanyaga. Cheka, dada, lakini safari hii tabia hiyo imenitia katika jambo baya, na wewe ndiye ninayekutegemea.

Huku mambo ni magumu kwa ajili ya hii vita ya serikali na shifta, waasi wa Kisomali. Lori haziendi Liboi wala Modogashe bila msafara wa askari. Wachungaji wamekusanywa na kuwekwa ndani ya seng'enge nje ya mji, na anayetaka kupeleka mifugo malishoni lazima apate kibali cha serikali. Askari wanawashuku Wasomali, Wasomali wanawashuku watu wa bara, na mimi mtu wa kisiwani wananishuku wote. Nikaona na mimi nisibaki nyuma. Hotelini nakaa mgongo ukutani, na chai siinywi mpaka nione mwingine amekunywa ya birika lile lile.

Kazi yangu ni ile ile ya hali ya hewa: kupima joto, mvua na upepo. Kila siku saa tatu asubuhi redio ya kazini hutuletea taarifa ya visiwa, Ngazija, Mafia, Unguja, Pemba mpaka kwetu Lamu, nami naiandika. Jumapili walisema hewa ya baridi imetoka kusini kabisa na inapanda kupitia kisiwa kikubwa cha Bukini. Jumatatu bahari ya Ngazija ikachafuka. Jumanne Mafia na Unguja vyombo vidogo vikakatazwa kutoka. Jana upepo umeikamata Pemba, mawimbi makubwa na mvua za vipande vipande. Leo ni zamu yenu. Mwambie shemeji asivuke kwenda Kiwayuu. Najua barua ikifika bahari itakuwa imeshatulia na shemeji ameshavuka na kurudi, lakini roho yangu haitulii mpaka niseme.

Sasa sikiliza. Hapa kazini tulikuwa na bawabu, Mzee Dagane, Msomali mrefu mwenye ndevu alizozitia hina. Bahari hajaiona tangu azaliwe. Lakini kila siku, redio ikinyamaza tu, alikuwa anakuja dirishani kwangu.

"Athumani, leo bahari ya fisiwa iko namna gani? Ubebo iko nguvu?"

Mwanzoni nilidhani ananitania. Baada ya wiki moja nikaanza kumtazama vizuri. Nikimjibu kwamba bahari imetulia, anatikisa kichwa na kurudi getini. Nikimjibu kwamba imechafuka, anakwenda moja kwa moja kwenye uzio, na pale anamsubiri mwanamke mmoja mwenye vibuyu vya maziwa. Wanaongea Kisomali maneno machache, mwanamke anaondoka mbio mbio. Nikajiuliza, mchunga ngamia anataka nini baharini? Nikajijibu mwenyewe. Nikasema kuna mashua zinatoka Kismayu, ng'ambo ya mpaka, zikiwa na bunduki, na kuna watu wanataka kujua siku ya kutoka na siku ya kukaa. Dada, niliona nimeng'amua jambo kubwa. Jumamosi nikaenda kwa inspekta nikamweleza yote.

Jumatatu asubuhi wakaja kumchukua, saa ile ile ya taarifa. Hakubisha. Walipokuwa wanampandisha garini aligeuka kunitazama dirishani akaniuliza, "Athumani, leo bahari?" Bahari ya Ngazija ilikuwa imechafuka, nimetoka kuiandika, kalamu bado mkononi. Nilijifanya naandika.

Jumanne yule mwanamke alikuja kwenye uzio, nami nikatoka. Ni mkewe.

"Wewe nasema mzee yangu shifta?"

Nikamwambia mimi nimesema nilichokiona. Akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia kwamba mumewe anauliza habari za bahari ya watu. Akatua vibuyu vyake chini.

"Warya, hii wakati ni hagaa. Bahari ya kwenu ikikuwa baridi, ikibiga kelele, ubebo inasukuma mfua kidogo, inakuja mbaka Ijara, huko malisho. Siku tatu, siku nne, iko majani, iko maji. Ndugu yangu iko na ngamia. Kibali ya serikali ni siku kidogo tu. Tukiomba mabema, mfua hakuna, kibali nakwisha, ngamia nakufa. Tukichelewa, maji nakauka. Sasa mzee nauliza bahari, tujue siku ya kuomba kibali. Walaahi, hiyo tu."

Hagaa ni huo msimu wetu wa upepo wa kusi. Mwanaesha, mimi ni mtoto wa kisiwani! Nimekua chini ya mawingu hayo. Yakitunyunyizia kidogo na kupita, wewe unapiga kelele tuingize ndani papa tuliowaanika wasioze, kisha tunasema wingu limekwenda zake bara, basi. Hakuna siku hata moja niliyojiuliza linakwenda kwa nani. Na sasa mtu aliyekuwa analingojea huko nimemfungisha mimi, kwa mdomo wangu. Naona haya hata kukuandikia.

Jana nikarudi kwa inspekta nikamwambia nimekosea.

"Wewe karani, juzi umesema huyu ni jasusi. Leo unasema ni mchungaji tu. Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, bwana."

"Kwenu huko kisiwani, Kismayu ni mbali?"

Unajua mwenyewe si mbali. Nilimwona anaandika jina langu kwenye karatasi, polepole, na nilijua vizuri yaliyo kichwani mwake, kwa kuwa wiki iliyopita yalikuwa kichwani mwangu. Mwisho akasema Mzee Dagane atapelekwa kizuizini Isiolo na msafara wa mwisho wa mwezi. Nikitaka azuie asipelekwe, nimletee karatasi, maneno hataki. Na kuanzia sasa nisimwambie mtu yeyote habari za bahari.

Karatasi hiyo ni wewe, maana daftari langu mwenyewe hataliamini. Kituo cha Ijara huandika siku wanazopata mvua. Wewe niandikie siku baridi ilipofika kwetu: upepo umeanza lini, bahari ilikuwaje, manyunyu yamepita lini kwenda bara. Usiniambie hukumbuki. Siku uliyoingiza papa ndani unaikumbuka, na siku nguo za Mama zilipokataa kukauka unaikumbuka. Nitaziweka karatasi mbili mbele ya inspekta, yako na ya Ijara, aone mwenyewe. Andika upesi, uipe meli ya kwanza kwenda Mombasa, maana mwisho wa mwezi uko karibu.

Najua barua kama hiyo, kutoka kisiwani, imejaa upepo na mawimbi, ikifunguliwa njiani itanifanya nini mimi. Nimeliwaza hilo. Andika tu, na usifiche neno hata moja. Na wewe bwana unayeisoma hii kabla ya dada yangu, isome yote, kisha uifunge iende. Gundi tia kidogo.

Nisalimie Mama na umwambie blanketi aliloniagiza nitamletea mwenyewe. Msalimie shemeji, nahodha asiyesikia la mtu. Msalimie mjomba wetu, mwalimu wa chuo cha Kurani, mwombe amtie Mzee Dagane katika dua zake bila kuuliza ni nani. Watoto wako nawabusu wote.

Ningeandika zaidi, lakini taarifa ya saa tatu imekwisha sasa hivi na wino wake haujakauka. Visiwa vya Lamu: upepo mkali wa kusi, bahari imechafuka sana, baridi, manyunyu yanaelekea bara. Nje ya uzio namwona mke wa Mzee Dagane amesimama na vibuyu vyake. Ananitazama tu hapa dirishani, na askari wa zamu yuko pale pale getini anamtazama yeye.

Natoka kwenda kumwambia.

Mdogo wako,
Athmani